Sahihi Namba Kumi na Tisa

...mita nane, injinia anasema mita nane, na fimbo anaigongesha kwenye ramani aliyoibandika ubaoni, barabara yenu ya mtaa ina upana wa mita nane wadau wangu, malori mawili yatapishana bila shida, yatapishana wapi, labda huko kwenye karatasi yako baba, maana mimi fundi cherehani nimeishi kando ya njia hiyo miaka ishirini na mbili, na jana asubuhi watu wakiwa sokoni nilipiga magoti na futi yangu ya kushonea nikapima kutoka mtaro hadi mtaro, futi yenyewe ni mita moja na nusu, ikalala mara tatu ikaisha, nikarudia nikidhani nimekosea, mita nne na nusu, vumbi lote magotini, jirani akapita akaniuliza mama Irene umepoteza sindano, nikamjibu ndiyo, nimepoteza sindano, ningemwambiaje, kwamba napima barabara mtu mzima na akili zangu... lori moja ni mita mbili na nusu bila vioo, mawili ni tano, tano haiingii kwenye nne na nusu, hata mimi siwezi kumshonea mtu wa kiuno cha arobaini suruali ya thelathini na mbili halafu nikamwambia vuta pumzi, na huyu kasoma, injinia Lusajo, mshauri wa kampuni inayotujengea maduka, kijana mzuri tu, viatu safi, anatuita wadau, jana tulikuwa wananchi leo tumekuwa wadau, tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili magoti yanakaribia kidevu, wadau... na daftari linakuja, nimeliona, limeshafika dawati la pili kutoka mbele, linapita mkono kwa mkono na kalamu imefungwa kwa kamba isije ikaibiwa, jina, namba ya simu, sahihi, ni mahudhurio tu mama zangu, amesema shemeji Hezron alipofungua kikao, mwenyekiti wetu wa mtaa, mdogo wake marehemu mume wangu, tujue waliofika ili soda zitoshe, na soda zipo pale dirishani kreti nne, watu wanazitazama kuliko wanavyoitazama ramani, mahudhurio, thubutu, neno hilo halinipati tena, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka... anasema maduka sitini, maghala, yadi ya malori nyuma, maendeleo, nani kakataa maendeleo, Tunduma hii tumeikuta na malori na tutaiacha na malori, foleni ikitoka mpakani inafika kule kata ya Mpemba inapitiliza, tumezaa nayo tumezika nayo, dereva wa Zambia akinikuta dukani ananisalimu bamayo, yaani mama kwa lugha yao, namshonea kiraka cha suruali anakwenda zake Nakonde ng'ambo ya mpaka, sina ugomvi na lori mimi, lori likae barabara kuu lilikojengewa, ugomvi wangu ni lango, hilo analoligusa sasa hivi kwa ncha ya fimbo kidogo tu kana kwamba anaogopa kuliamsha, malori yataingilia mbele na kutokea lango la nyuma, la nyuma ndiyo kwetu, malori mia kwa siku kwenye njia ya mita nne na nusu, na njia hiyo ndiyo pekee inayotutoa mtaani kwenda kituo cha afya, hakuna nyingine, upande wa pili ni korongo, na Irene yule pale karibu na mlango, madawati mawili mbele yangu, kakaa upandeupande kwa sababu tumbo haliingii kwenye dawati la mtoto, miezi minane, mwezi ujao mwanzoni, amesema nesi, mwezi ujao mwanzoni, na lango hili linafunguliwa mwezi ujao mwanzoni.

Kuna hatua za kupunguza athari, anasema, kageuza karatasi, tutaweka matuta mawili, tutaweka kibao cha kilometa ishirini kwa saa, na tutaajiri mtu wa bendera, watu wanatikisa vichwa, ee, bendera, wamefurahi, ajira moja hiyo imepatikana, na mimi nauliza, nauliza humu ndani maana mdomo bado umefungwa, hiyo bendera itamwambia mtoto subiri kwanza usitoke tumboni, lori lipite, na kibao cha kilometa ishirini ni cha nini kwenye njia ambayo lori halitatembea hata kilometa moja, litasimama, shida yetu lini ilikuwa mwendo, shida yetu ni kusimama... wageuze lango la kutokea waliweke mbele, lielekee barabara kuu, nilimuuliza yule mwashi anayejenga ukuta wao alipokuja kuchukua suruali yake, kwa nini hawageuzi, akacheka, akasema mama, kutokea mbele kunataka wakate kipande cha kiwanja chao watengeneze njia ya malori kugeuzia na kusubiria humohumo ndani, na hicho kipande kinakula fremu kumi na mbili za maduka, basi, fremu kumi na mbili, kwa hiyo ili wasikate kiwanja chao wanakata njia yetu, wajinga ndio waliwao, na sisi tutaliwa kwa soda, tena tutatia sahihi kwamba tumeliwa vizuri... kama ile ya kwanza, Mungu wangu, kama ile ya kwanza, nilisema sitaifikiria leo na imekuja yenyewe, mwaka juzi, darasa hilihili, mkutano wa usafi wa mitaro, walisema usafi wa mitaro, daftari likapita, mahudhurio tu mama zangu, nikaandika Tulinagwe, namba kumi na tisa, nikapewa soda ya chungwa, ilikuwa ya baridi nikaifurahia, na miezi mitatu baadaye ile yadi ndogo ya malori pale juu ikatoboa ukuta ikafungua lango kwenye njia yetu, na Februari, mvua ya mchana, Irene kashikwa na uchungu, tumo kwenye bajaji, mbele yetu malori mawili yametazamana, moja linatoka moja linaingia, hakuna wa kurudi kwa sababu nyuma yao kuna mengine, na nyuma yetu likaja jingine, mtaro huku mtaro huku umejaa maji, nikashuka nikapiga bodi la lori kwa mikono, dereva akashuka, mtu mzima na mvi zake, akavua kofia akasema bamayo, akajaribu kuinyanyua bajaji na wenzake, tairi zikazama, saa mbili nzima, Irene akanishika kidole hiki mpaka kikavimba, na mtoto akazaliwa pale, wa kike, hakulia, nilimgeuza nikampigapiga mgongoni nikampulizia, hakulia, mvua ndiyo iliyokuwa inapiga kelele juu ya turubai... siwezi, nisilie hapa, Christina aliyekaa nyuma yangu ana macho kama ya kunguru, ataniuliza mama Irene vipi.

Na nilikwenda, watu wasiseme sikwenda, nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda ofisi ya halmashauri kushtaki lile lango, akanipokea kijana mpole, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, halafu akafungua kabati akatoa faili akalipekua taratibu akanigeuzia karatasi, "Mama, hii si sahihi yako?" namba kumi na tisa, Tulinagwe, na ile g yangu yenye mkia, na juu yake pameandikwa kwa kompyuta orodha ya wananchi walioshirikishwa na kuridhia, kuridhia, mimi, nimeridhia, nikaitazama ile sahihi nikaona ni yangu kweli, sikuibiwa, sikughushiwa, mkono wangu huu, nikamshukuru yule kijana, ndiyo, nikamshukuru, nikatoka, nikarudi nyumbani Irene amejilaza akaniuliza mama wamesemaje, nikamwambia ofisi ilikuwa imefungwa... akaniamini, mpaka leo ananiamini, na kila nikimwona ananitengea chakula najisemea angejua huyu, angejua nyanya wa mtoto ndiye aliyetia sahihi, na hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka miwili, si woga wa kampuni, kampuni ni nini, aibu, aibu ndiyo mlinzi wao anayelala kwangu bila mshahara, na Hezron anajua, jana jioni kaja, kanywa chai yangu vikombe viwili, kasifu tangawizi, halafu akashusha sauti, "Shemeji, kesho usinyanyue mkono. Ukinyanyua watatoa lile faili la zamani, na Irene atakuwepo." Alivyolisema kwa upole, kana kwamba ananifunika shuka, na mimi nikasema sawa shemeji, nikamsindikiza hadi barazani, nikaosha vikombe... na kwa hiyo leo nimekuja kunyamaza, nimekuja niandike jina langu ninywe soda nirudi kwenye cherehani, ndivyo nilivyopanga, aka, nimepanga mimi au kanipangia yeye.

Daftari limefika kwa Irene. Ameinama, anaandika vizuri mtoto huyu, kasoma hapahapa, hapana, hajaandika, kashika kalamu tu, anageuka kunitafuta kwa macho, ananihurumia miguu yangu, "Mama, nikuandikie na wewe usisumbuke?" anauliza, na kalamu iko juu ya mstari, na injinia anaendelea na bendera yake, na soda zinatoa jasho dirishani, Irene wangu, anataka kuniandikia, jina langu kwa mkono wake, na lake juu ya langu, wote wawili tumeridhia, na mwezi ujao tukikwama tena pale kwenye mtaro wataniwekea karatasi mezani mama hii si sahihi ya binti yako... weee, ngoja, ngoja kwanza, watatoa faili, Hezron anasema watatoa faili, na wakilitoa je, litasema nini, litasema Tulinagwe alikuja kwenye mkutano wa mitaro akaonekana ameridhia lango, si ndivyo litakavyosema, mbele ya watu wote hawa ambao nao walikuwepo, Christina alikuwepo, alikunywa soda mbili, naye yumo humo namba fulani na hajui, nusu ya madawati haya yamo humo na hawajui, sasa faili hilo namficha nani, faili hilo ni langu, hicho ndicho kithibitisho ninachokitaka, lilete Hezron, lilete sasa hivi lisomwe kwa sauti na vichwa vyake vya habari, watu waone mahudhurio yanavyogeuka yakifika kabatini, miaka miwili nalikimbia kumbe nilipaswa kulidai... na Irene atasikia, ee, atasikia, atanichukia, anaweza kunichukia, atakuwa na haki, bora anichukie akiwa amelala kwenye kitanda cha kituo cha afya na mtoto wake analia pembeni, kuliko anitengee chakula kwa mapenzi kwenye nyumba isiyo na mtoto, hilo nalibeba, nitambebesha nani, nitasimama niseme jina langu, niseme namba kumi na tisa ni mimi na nimeifuta, niseme hakuna kuandika kitu hapa mpaka wageuze lango lao wakate kiwanja chao wenyewe, na kichwa cha habari kiandikwe juu ya karatasi kwanza, hapahapa, kwa kalamu hiyohiyo, ndipo watu waandike, na asiyetaka kuandika asiandike na soda apewe... miguu imekufa ganzi kwenye hili dawati, sijasimama bado, injinia kasema tena mita nane, Christina ananigusa bega nimjibu Irene haraka.

"Usiandike jina langu, Irene. Na lako usiandike," nasema, na sauti imetoka kubwa kuliko nilivyotaka, na kalamu ya mwanangu imesimama, na Hezron kule mbele ameinua kichwa ananikazia macho kama jana barazani, nami namtazama, namtazama tu, leo siangalii chini.