Mashua Iliyonyweshwa Lavington

Mashua ya Bwana Pelham ilikuwa imekaa juu ya magogo nyuma ya nyumba yake kule Lavington tangu alipoitoa katika ziwa la Naivasha, na kwa miaka yote hiyo haikuwa na kazi ila kupoteza rangi. Ilikuwa mashua kubwa ya injini, yenye chumba cha vitanda viwili na usukani wa shaba. Kuku walitaga humo. Lakini Were, mpishi wa nyumba ile, kila alipopita kwenda kuchuma mboga aliigusa ubavuni kwa kiganja, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake.

Mwaka wa hamsini na saba Bwana Pelham akaamua kurudi kwao Uingereza. Akamwita Were barazani baada ya chai.

"Were, wewe nafanya kazi mzuri miaka mingi," akasema kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Mimi nataka kupa wewe zawadi. Wewe nataka pesa, mshahara ya mwaka moja? Ama nataka boti? Boti iko bei kubwa kuliko pesa, lakini iko mgonjwa kidogo. Fikiri mpaka mwisho ya mwezi."

Mtu mwingine angenyoosha mkono apokee pesa. Were aliomba ruhusa ya kufikiri, na alikuwa na sababu yake.

Were alizaliwa milimani, upande wa Bungoma, na maji mengi aliyoyajua utotoni ni yale ya mto wa kuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mkewe Nanyama alikuwa binti wa visiwa vya ziwani, mbele ya bandari ya Port Victoria. Siku Were alipokwenda kuposa, walimpakia ndani ya mtumbwi, na kabla hawajafika katikati alikuwa ameinamia ubavuni akitapika hata chai ya juzi. Mashemeji walicheka mpaka makasia yakawaponyoka. "Mtu wa milima," wakasema, "si tukuvushe pamoja na ng'ombe wako? Wao wanajua kuogelea." Were akajifuta mdomo, na waliposhuka tu akaapa mbele ya mama mkwe kwamba akirudi atarudi na chombo chake mwenyewe, chenye injini, na hao wanaocheka ndio watakaoketi ndani kama mizigo.

Tangu siku ile hajarudi. Nanyama naye hajarudi, kwa maana mwanamke aliyeolewa akienda kwao peke yake majirani huanza kuuliza maswali. Na sasa salamu kutoka visiwani zilisema macho ya mama yake Nanyama yanafifia.

Ndiyo sababu Were alipiga magoti kila alfajiri katika chumba chao cha watumishi, akasali, "Ee Mungu, nionyeshe kama mashua hii inafaa gharama yake. Unaijua akili yangu, si ya kufumbiwa. Nena nami wazi."

Mwanzoni alidhani amejibiwa. Siku yake ya mapumziko alishuka mjini kwa Nzioka, fundi wa magari nyuma ya barabara ya Victoria, akaja naye. Nzioka akaifungua injini, akainusa, akaizungusha kwa mkono. "Hii haikufa, imelala," akasema. "Ioshe, badilisha mipira, itaimba."

Kisha akaja Gerishon Waweru, seremala wa Kabiria, na sanduku lake la vifaa. Mbao za ubavuni zilikuwa zimeachana hata ungeweza kupenyeza shilingi katikati. Waweru akaizunguka mashua akiigonga kwa kidole.

"Nimetengeneza makabati yaliyokuwa mabaya kuliko hii," akasema. "Nitachonga vijiti vyembamba, nivigonge ndani ya kila ufa, nipake gundi na rangi. Hata pumzi haitapita."

"Na itaelea?"

"Mimi ni mtu wa Kabiria, kusiko na ziwa, Bwana Were. Nakuhakikishia kabati. Mambo ya kuelea muulize Mungu."

Bei yake ilikuwa ndogo, na akiba ya Were ingeifikia. Usiku ule alilala akijiona ameshika usukani wa shaba, mashemeji wakiwa wamekunja magoti nyuma yake.

Kesho yake Nanyama alimfunga binti yao Truphena mgongoni, akaenda kuitazama mashua mwenyewe. Akapitisha kiganja juu ya nyufa.

"Baba Truphena," akasema, "mwambie fundi wako arudishe vijiti vyake sandukuni."

"Kwa nini?"

"Hizi nyufa si ugonjwa, ni kiu. Mbao zimekauka zikanywea. Ukizijaza vijiti leo, siku zitakapokunywa maji zitavimba, zikose pa kwenda, zivunje mbavu za chombo. Kwetu chombo kilichokaa juani hakizibwi hivyo. Kinanyweshwa kwanza. Baba alikuwa anakitia mawe mpaka kinalala chini ya maji, ndipo unajua kipi kizima na kipi kibovu."

"Hapa hakuna ziwa."

"Kuna mpira wa kumwagilia maua."

Were akamtazama. "Nitie maji ndani ya kitu kilichotengenezwa kuzuia maji? Waweru atasema nimerukwa na akili."

"Waweru siye atakayevuka ndani yake."

Bwana Pelham alipoombwa ruhusa alijipiga paji la uso. "Ndio, tia maji. Naivasha sisi nafanya hii kila mwaka. Mimi nasahau kabisa."

Wakatia maji ya kufika magotini, si zaidi, magogo yasije yakashindwa na uzito, na ubavuni wakatandaza magunia mabichi. Maji yakatoka kila mahali kama kwenye chujio. Waweru alifika akakuta bustani imekuwa bwawa. Akaweka sanduku chini.

"Were, unaiosha au unaibatiza?"

"Naibatiza."

"Basi subiri mpaka iseme amina, ndipo uniite."

Siku iliyofuata maji yalitoka kidogo, na iliyofuata kidogo zaidi. Wiki ilipokwisha mbao zilikuwa zimebanana, na shilingi haikuweza tena kupenya. Were akaizunguka akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa karibu kumaliza duara lake alipomwona mkewe amechuchumaa chini ya sehemu ya injini.

Hapo mshipi mwembamba wa maji ulikuwa ukitiririka, na haukuwa umepungua tangu siku ya kwanza. Ndipo mahali palipopendeza kuliko pengine pote. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa.

"Niletee kisu chako cha kutolea mifupa," Nanyama akasema.

Akakisukuma ndani ya mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Kisu kikaingia mpaka mpinini bila sauti, kama kinaingia kwenye parachichi lililoiva.

Waweru alipoitwa alichungulia lile tundu kwa muda mrefu, kisha akavua kofia. "Huu ndio uti wa mgongo. Mvua na mafuta vimetuama chini ya injini vikaula kutoka ndani. Kuubadilisha ni kuivunja yote na kuunda nyingine, na pesa za mshahara wako hazitafika nusu. Mimi sichukui kazi hii, ndugu yangu. Utanilaani."

Akaenda zake. Were alibaki amepiga magoti kwenye tope. Mtu angedhani anasali.

"Nilimwapia mama yako," akasema hatimaye.

"Uliapa ukiwa na matapishi kidevuni. Mama alisikia tumbo lako, hakusikia kiapo."

"Ndugu zako walisikia."

"Ndugu zangu walimcheka hata padri alipoanguka majini." Nanyama akafuta kisu kwenye leso yake. "Mimi sikukuomba chombo, Baba Truphena. Miaka yote hii nilikuwa nangoja useme twende. Mitumbwi ya watu iko tele pale ufukoni, inavusha kila siku."

Were akainuka, akajifuta tope magotini. Kila alfajiri alikuwa amemuuliza Mungu habari za mashua, na huyu aliyelala ubavuni pake hakumuuliza hata mara moja.

"Nitatapika tena," akasema.

"Utatapika. Mama atakupa uji."

Jioni ile Were akaenda barazani, akasema anachagua pesa, akaeleza na kwa nini. Bwana Pelham akateremka bustanini na fimbo yake, akaingiza kidole ndani ya tundu la kisu.

"Mimi naona rangi tu," akasema. "Kila siku naona rangi iko mzuri pale." Kisha akasema, "Usitoe maji, Were. Acha mpaka mimi nakwenda."

Basi maji yakaachwa, Were akiyaongeza kila asubuhi kwa mpira, na ndege wa mashamba ya kahawa wakawa wanakuja kunywa ndani ya mashua.

Bwana Pelham alipokwisha kuondoka, Were alikata tiketi za Kisumu. Waweru alikuja stesheni kuwaaga, akampa ndimu moja kubwa ya kunusa atakapokuwa majini. Wakaketi dirishani, Truphena katikati, kapu la sukari na majani ya chai ya mama mkwe miguuni. Kabla kengele haijalia, Were alikwisha kuitoa ndimu mfukoni na kuiweka puani.

"Baba Truphena," Nanyama akasema, "hili ni garimoshi."

"Najua," Were akajibu. "Najizoeza."