Mguu wa Alasiri

Wenzake walimwita Saa Mbili, na jina lenyewe halikumkera. Kliniki yake ya mishipa ya fahamu ilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi. Ikigonga saa sita, kalamu inaingia mfukoni, mgonjwa awe amekuja kwa miguu au kwa machela. Alasiri ilikuwa ya wodi na makaratasi. Miaka ishirini na tatu alikwenda hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna ubaya wowote.

Siku hiyo alikuwa semina, safu ya tatu, kwenye ukumbi ambao kiyoyozi chake kilidondosha maji ndani ya ndoo. Ilikuwa semina ya madaktari wa fahamu, juu ya maradhi ya mwendo: watu wanaotetemeka, wanaojinyonganyonga, wanaokakamaa kama mbao. Hakwenda kwa kupenda. Leseni yake ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi, na alama zake za mafunzo zilikuwa pungufu. Anayetoka kabla ya saa kumi na moja jioni, hapati alama hata moja. Simu zote zilibaki kwenye kapu mlangoni, kila moja na kibandiko chenye namba, kwa sababu mafunzo yalikuwa ya video za wagonjwa, na mgonjwa si sinema ya watu kurushiana. Zingerudishwa saa nane, wakati wa chakula.

Mwalimu wao alikuwa mama mfupi, mcheshi, mkali. Anaweka video, anazima sauti, anauliza, "Haya mabingwa, huyu ana nini?" Anayekosea anachekwa, safari inaendelea.

Saa saba kasoro robo akaweka video ya msichana anayetembea koridoni. Alikuwa anatembea vizuri tu, ila kisigino cha kushoto kilisitasita kabla ya kukanyaga.

"Hii ni saa mbili asubuhi," mwalimu akasema.

"Umetajwa, bwana!" sauti ikatoka nyuma. Ukumbi ukacheka, na Saa Mbili akacheka nao.

Video ya pili, msichana yule yule, koridoni pale pale, saa kumi na moja jioni. Mguu ulikuwa umejipinda kwa ndani kama mpini wa mwavuli. Alikuwa anajikokota, mkono mmoja ukutani, jasho usoni.

"Anaigiza huyo," Saa Mbili akasema kwa sauti. "Asubuhi mzima, jioni kiwete? Ugonjwa gani unasoma saa?"

"Ahsante, daktari. Wenzako kumi na mmoja walisema hivyo hivyo kabla yako." Mwalimu akabonyeza tena. Jioni nyingine, wiki mbili baadaye. Msichana alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji mkononi, miguu imenyooka. "Nusu kidonge. Kile kile tunachowapa wazee wanaotetemeka. Ubongo wake hautengenezi dawa yake ya kutosha. Akilala akiba inajaa, akishinda anatembea inakwisha. Ukimwona asubuhi peke yake utaandika hana kitu, utalala usingizi mnono."

Watu wakaandika. Saa Mbili hakuandika.

Alimkumbuka fundi cherehani. Binti wa miaka ishirini na miwili, mguu ulianza kumpinda akiwa na miaka tisa. Mara tatu alikuja kliniki na mama yake, mara tatu asubuhi. Mama yule alikuwa amesimama mbele ya meza, amekunja mikono kifuani. "Baba, huyu ukimwona jioni utalia. Pedali ya cherehani haikanyagiki."

"Jioni mimi sipo, mama."

Akaandika: mishipa ya fahamu haina tatizo. Karatasi hiyo ndiyo iliyokwenda kwa daktari wa mifupa, yule waliyemwita Patasi, kwa kuwa Patasi hagusi mguu bila kuhakikishiwa kwamba kasoro haitoki juu, kwenye ubongo. Na Patasi akapanga kukigandisha kifundo kwa vyuma, mfupa kwa mfupa, kisijipinde tena. Wala kisikunjuke tena, maisha yote. Leo, saa nane mchana, ndivyo alivyomwambia Saa Mbili.

Saa Mbili akasimama. Mlangoni karani alikuwa ameketi na kapu na orodha yake.

"Simu yangu, dada."

"Saa nane, daktari."

"Saa nane mtu atakuwa anakatwa. Nipe."

Karani akamtazama usoni, akaona si utani. "Ukichukua nafuta jina. Si mimi, ni kanuni."

"Futa."

"Namba yako?"

Hakuikumbuka. Wakainamia kapu wote wawili, wakipekua simu za watu. Alipoipata akampigia Patasi. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Kimya. Akapiga chumba cha upasuaji, akapokea muuguzi.

"Fundi cherehani? Yuko mezani. Mgonjwa wa kwanza ana homa, tukamsogeza yeye mbele."

"Wameshapasua?"

"Wamemchoma ganzi ya mgongo. Wanampaka dawa mguuni."

"Mpelekee daktari simu. Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Akasikia viatu, mlango, mlio wa mashine. Kisha sauti ya Patasi, ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. "Nani tena? Nimevaa glavu."

"Mimi. Usikate."

"Karatasi yako ninayo hapa. Sahihi yako, muhuri wako. Umesema hana kitu."

"Nimekosea."

"Sema vizuri, nimekuweka kwenye spika."

Saa Mbili akageukia ukuta. "Nimekosea. Nimemwona asubuhi tu. Mama yake aliniambia, sikumsikiliza. Huenda nusu kidonge inamnyoosha."

"Huenda! Nimlaze mtu, nimchome, nimwinue, kwa ajili ya huenda?"

"Kidonge kisipofanya kazi utampasua wiki ijayo. Ukishakigandisha kifundo, utakirudisha na nini?"

Ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ya karibu sana. Saa Mbili hakuwa amefikiria kwamba ganzi ya mgongo haimlazi mtu usingizi.

"Daktari wa asubuhi ndiye huyo?"

"Ndiye mimi, mwanangu."

"Nimesikia yote." Akavuta pumzi. "Toeni hivyo vitambaa. Mguu ni wangu, nasubiri kidonge."

Patasi akaguna. "Basi wewe njoo hapa umweleze mama yake. Mimi simwelezi mtu."

Alifika saa tisa na nusu, shati limemganda mgongoni. Mama alikuwa kando ya kitanda, akamwachia amalize maneno yake yote, kisha akasema tu, "Miaka kumi na mitatu, baba."

Wakangoja ganzi iishe. Kufika saa kumi na moja vidole vya mguu vilianza kucheza, kisha wayo ukaanza kujivuta kwa ndani, polepole, kama unaitwa. Saa Mbili akautazama mpaka ukafika mwisho. Akakata kidonge kwa wembe wa muuguzi, akampa binti nusu na maji.

"Nikimeza leo nitajua lini?"

"Labda kesho. Labda wiki."

"Na kama hakuna kitu?"

"Basi nitakuwa nimekosea mara mbili."

Binti akakitazama kile kipande kwenye kiganja, kidogo kuliko kifungo cha shati. Akakimeza. Saa Mbili akabaki amesimama juu yake, macho kwenye mguu, mguu haujabadilika hata chembe.

"Usinisimamie hivyo, daktari," binti akasema. "Unanitia hofu. Kaa."

Mama akasogeza mkoba wake kutoka kwenye benchi. Saa Mbili akakaa.