Wimbo wa Kiti

Doha nzima hakuna bosi niliyeogopa kumwimba mbele ya macho yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikitamba kwenye kantini ya wafanyakazi, kijiko hewani, wali unapoa, wenzangu wakinisogelea kusikia habari za Mzee Tadeu.

Alikuwa mchekeshaji wa Brazili, mwembamba kama shingo ya gitaa lake, aliyekuja kuwaimbia wageni wa hoteli yetu pale West Bay. Mizigo yake nilibeba mimi. Ndani ya lifti, kwa Kiingereza chake kinachochechemea, akanisimulia kwamba ujanani, enzi za utawala wa kijeshi kwao, alimwimba jenerali aliyevukwa na suruali kwenye gwaride. Redio zikamfungia milango. Akauza viatu mpaka mvi zikamjaa. Aliporudi jukwaani, watu ndio waliomkumbusha maneno ya nyimbo zake.

“Hata mimi natunga,” nikasema. Nikamweleza jinsi Khalfan, msimamizi wetu, alivyoondoa kiti cha Philipo, askari wa geti, eti askari akikaa anaonekana mvivu. Na jinsi miguu ya Philipo ilivyovimba hadi viatu vikakataa kufungwa kamba. Chumbani kwetu, kwenye kambi ya wafanyakazi kule Industrial Area, wimbo huo huwaangusha watu vitandani kwa kicheko.

“Na Khalfan hucheka?”

“Hajausikia.”

“Basi hujamaliza kuutunga.”

Jioni hiyo, kwenye mazoezi ukumbini, akaniita jukwaani, akanisogezea maikrofoni, akaanza kupiga gitaa. Khalfan alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Nikaimba. Mzee Tadeu, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akanikumbatia, macho yamelowa. “Jasiri,” akaninong’oneza kwa Kiingereza. “Jasiri.”

Nikifika hapo huwa nazitazama nyuso za wenzangu.

Siku moja pale kantini Philipo naye alikuwepo, amekaa, kamba za viatu zimelegea. “Kwa hiyo bosi amesikia habari za kiti changu, mdogo wangu?”

Damaris, aliyekuwa akifuta glasi ukumbini jioni ile ya mazoezi, alitua sinia lake kando yangu.

“Wee Rodney, si uwaimbie? Ule ule wa siku ile.”

Nikatafuna wali uliokwisha kumezwa.

“Umesahau? Wacha nikuanzishie.”

Akaanza taratibu, kwa sauti tamu kuliko yangu: shati la bosi Khalfan lilivyonyooka pasi, mabega yake yalivyolibeba vizuri, hoteli ingekuwa nini bila yeye.

Walicheka wote isipokuwa Philipo. Yeye aliinama, akaanza kuusukuma mguu ndani ya kiatu. Zamu yake ilikuwa imefika.