Zumari Ndani ya Eda

“Huwaida, marehemu alikuwa akimlisha nani kule shamba?”

Swali hilo aliliuliza jirani yake, Bi Esha, asubuhi moja ya mwezi wa pili wa eda, amekaa mkekani akimsaidia kuchambua mchele. Aliliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Bi Huwaida akamngojea amalize, maana alidhani kuna maneno yaliyobaki nyuma, lakini Esha alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa, akaendelea kuchambua.

Amlishe nani? Jaafar, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa minazi na mihogo. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri alishika ndia ya shamba na pakacha lake, akarudi jua likikaribia kuzama. Ndani ya pakacha mlikuwa na panga, chupa ya maji na vichwa vya samaki. Vitwa vya samaki alisema ni mbolea. Mwanamke wa darasa la nne atabishana vipi na mumewe juu ya mbolea? Hakubishana, na miaka ikapita.

Lakini tangu Jaafar azikwe, mbuzi wa Siyu walianza kufa. Wa kwanza alikuwa wa Bi Esha mwenyewe, tena mwenye mimba. Aliokotwa nusu, kando ya mikoko. Wakafuata wengine wawili, kisha mtoto wa mbuzi aliyefungwa hatua chache tu kutoka ukuta wa msikiti. Nyayo zilizobaki kwenye tope zilikuwa za paka, ila kila moja ilijaa kisahani cha chai.

Mji ukagawika. Kuna waliosema ni fisi, amevuka kutoka bara maji yalipokupwa. Kuna waliosema ni chui. Na kulikuwa na wengine, hawa ndio waliomkosesha Bi Huwaida usingizi, waliosema ni chui wa mtu: kafugwa kwa majina yasiyo ya Mungu, na sasa mwenyewe kafa, hana wa kumpa chakula, anajitafutia. Jaafar hawakumtaja. Hapakuwa na haja. Wanawake waliokuwa wakija nyumbani kila Alhamisi kumsomea marehemu Yasini walikuwa ishirini. Wakawa kumi na mmoja. Alhamisi iliyopita walikuja wanne, na mmoja wao alilala.

Jina la mumewe lilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa dua. Miezi hiyo yote alikuwa akimuombea baada ya kila sala. Sasa akiinua mikono hakujua aseme nini. Kama kweli Jaafar alifunga mkataba na viumbe wasioonekana, je, inafaa kumuombea kama Waislamu wanavyoombewa? Na kama ni uzushi, mbona yeye mkewe, wa miaka thelathini na moja, hana neno la kuwajibu watu?

Basi wazee wakamleta Kariuki. Alikuwa mtu wa bara, mfanyakazi wa ranchi moja huko, na kazi aliyosifika nayo ni kuita wanyama wakali. Alikuja na tundu la chuma lililobebwa na watu sita, na ruhusa ya maandishi, maana kuua chui hairuhusiwi. Akimnasa atamrudisha bara. Alikuja pia na spika ya duara, ndogo kama boga changa, na simu iliyojaa vilio vya wanyama.

Bi Huwaida hakumuona. Mwenye eda haonwi na wanaume, wala hatoki bila jambo la lazima. Yote aliyoyajua aliyajua kwa masikio.

Siku ya kwanza, alasiri, alisikia mtoto wa mbuzi akilia huko mashambani, kilio cha mnyama anayechinjwa kwa kisu butu, bila kupumua, mpaka akaacha tasbihi akasimama. Jioni shemeji yake Bakr, mdogo wa Jaafar, akaja akakaa dakani, kwenye baraza nje ya mlango, pazia likiwa kati yao, akampa habari. Waliokuja walikuwa mama mbuzi. Mji mzima! Mbuzi thelathini na kitu walikata kamba, wakajipanga mbele ya tundu, maziwa yakiwadondoka, na wenyewe wakafika nyuma yao wakimtukana Kariuki.

Siku ya pili akasikia mtu akikereza mbao kwa msumeno. Alimuuliza Esha ni fundi gani anayefanya kazi saa ya sala ya Ijumaa. Esha akamwambia huyo si fundi, huyo ni chui jike, yuko ndani ya simu. Chui jike aliita mpaka betri ikaisha, na dume hakutokea.

Siku ya tatu Bakr alirudi, na safari hii hakuwa na kicheko. Bi Huwaida aliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, havitulii. Akasema Kariuki ameuliza jambo. Mnyama aliyezoea kulishwa hababaiki na vilio. Anakuja kwa ile sauti aliyolishwa nayo. Sasa anataka kujua marehemu alikuwa akiita vipi.

“Nami nimekuya kukwambia la kumjibu,” akasema Bakr. “Sema hujui. Mwanamke wa eda haulizwi mara mbili.”

“Na kama najua?”

Vidole vikatulia.

“Hujui, shemeji.”

Alijua. Ujanani Jaafar alikuwa mpiga zumari wa maharusi, hakuna harusi ya Siyu wala Pate iliyokamilika bila yeye. Aliporudi kutoka Makka aliiacha, zumari yenyewe akaivunja kwa goti. Akabakisha kile kipande cha mdomoni tu, chenye ulimi wa jani la mnazi, na kipande hicho alikwenda nacho shamba. Mara moja Bi Huwaida alimpelekea chakula alichosahau, akamsikia kwa mbali akipuliza: mafupi mawili, refu moja linaloshuka. Alimuuliza. Akamwambia anafukuza tumbili. Na tumbili kweli walikuwa wengi mwaka ule, akaona sawa. Lakini kufukuza, alifikiri sasa, mtu hupuliza hivyo? Sauti ile ilikuwa ya upole. Ilikuwa ya mtu anayeita: ndoo, njoo karibu.

Akisema, na mnyama akaja, mji mzima utajua Jaafar alikuwa mwenye chui. Akinyamaza, jina litapona kidogo, lakini kule kisimani wanakopita watoto wa watu kuna kitu chenye meno. Na Mwenyezi Mungu amekataza kuficha ushahidi. Hilo alifundishwa chuoni kabla hajajua kuandika jina lake. Aliyemsomesha tena Fatiha, herufi kwa herufi, mpaka ikanyooka, alikuwa Jaafar huyo huyo. Sasa yeye mkewe achukue upande gani? Aliswali rakaa mbili, akatoa salamu, akajikuta palepale alipokuwa.

Asubuhi akamwambia Esha amwite Kariuki.

Kariuki alikaa dakani pamoja na Bakr. Bi Huwaida alipitisha kile kipande cha zumari, kilichobaki ndani ya pakacha la marehemu, chini ya pazia, kimefungwa kwa kitambaa. Kariuki akapuliza, ukatoka upepo. Bakr, kwa hasira, akakinyakua akapuliza na yeye, yakatoka mate.

“Mwana wa nyumba ya zumari huyo,” akasema Esha, “apuliza kama aliyeungua na uji.”

Kariuki akacheka peke yake. Kisha akauliza kwa adabu kama kuna mtu yeyote anayeweza. Esha ndiye aliyegeuza shingo polepole akamtazama Bi Huwaida, kwa sababu walikua pamoja, na alijua kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa Jaafar alimfundisha mkewe kupuliza, chumbani, kwa mzaha wa watu waliooana karibuni.

“Simu yangu inarekodi, Mama,” akasema Kariuki. “Wewe kaa huko huko. Nitaipitisha chini ya pazia. Ni dakika moja tu.”

Mwanamke wa eda apulize chombo cha harusi! Bi Huwaida alihisi uso unawaka. Akamtuma Esha kwa Mwalimu wa msikiti akaulize inafaa au haifai. Esha alikaa huko muda mrefu, akarudi akihema.

“Asema muziki ni muziki, na dharura ni dharura.”

“Maana yake?”

“Nimemuuliza. Amesema hilo ndilo jibu.”

Bi Huwaida akakishika kile kipande. Kilikuwa na ladha ya tumbaku na chumvi, ladha ya mdomo wa mtu aliye kaburini, akakaribia kukitema. Akasema bismillahi, kisha akajiuliza kama bismillahi inafaa hapa, kisha akapuliza. Mafupi mawili. Refu moja linaloshuka. Esha aliacha kutafuna tambuu yake. Simu ikarudishwa chini ya pazia.

Alasiri ile aliisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka mashambani, imekuzwa, ikipita juu ya mapaa ya makuti. Ilirudiwa mara saba. Alizihesabu. Baada ya ya saba ikakatika, na kuku tu ndio waliosikika.

Kariuki alifika kabla ya magharibi, Bakr nyuma yake. Sauti ya Kariuki ilikuwa imebadilika.

“Ameingia, Mama. Ameingia mwenyewe, kama ng’ombe anaingia boma. Nyama ya mbuzi tumeweka, hakuigusa. Amelala chini anaangalia simu.”

“Ni mnyama?”

“Mnyama, Mama. Chui dume, mzee, meno karibu yote yameisha. Mguu wa nyuma ana kovu la waya, la zamani sana, limepona vizuri. Na masikio yamejaa kupe.”

“Kwani hao wa kufugwa hawapati kupe?” akauliza Esha.

Bi Huwaida alimwashiria anyamaze. Akauliza kama lile kovu linaonyesha kwamba aliwahi kutibiwa na mtu. Kariuki akafikiri. Akasema huenda. Akasema pia wanyama hujilamba wakapona. Alichokuwa na hakika nacho ni kimoja, kwamba huyu amekula kutoka kwa mkono wa mtu, na kwa miaka.

“Alimlisha kwa huruma,” akasema Bi Huwaida, “au kwa jambo jingine?”

“Hiyo sijui, Mama. Mimi najua sauti. Sababu ni ya mwenyewe.”

Akaaga, maana boti ilikuwa inangoja maji ya kutosha mlangoni mwa mkono wa bahari, na watu wa kubeba tundu walikuwa wanaogopa kulibeba. Esha naye akasimama. Mlangoni alimwambia Bi Huwaida kwamba atakuja Alhamisi, kisha akasema inshallah, na ile inshallah Bi Huwaida aliigeuza huku na huku asijue ni ya ndiyo au ya hapana.

Akabaki Bakr nje ya pazia.

“Nilikwambia useme hujui.”

“Nilikuwa najua, shemeji.”

“Ulijua nini? Ulijua kupuliza. Hilo lingine hulijui, nami silijui, na sasa watu wote wamelijua. Wanangu wataitwa wana wa nyumba ya chui mpaka wazeeke.”

“Labda alimkuta kwenye mtego, mdogo, akamwonea huruma.”

“Kwa nini asiseme, basi? Huruma yafichwa?”

Jibu alilitafuta kwa dhati, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda gizani, na mkono ukarudi mtupu. Miaka thelathini na moja. Alijua ni upande gani mumewe alilalia, alijua jino lililomsumbua, na hili hakulijua. Muadhini alikuwa bado hajaadhini. Akajikuta ameinua mikono kabla hajapanga maneno.

“Ya Rabbi,” akasema, kwa sauti ya kutosha kupita pazia, “mja wako Jaafar amekuja kwako, na Wewe wajua alilolifanya, nasi hatujui. Likiwa jema, mkubalie. Likiwa baya, msamehe, maana tuliokaa naye hatukumuuliza.” Akageukia pazia. “Itikia amina, shemeji.”

Alingoja. Pazia halikutikisika, na yeye hakuweza kuona uso wa mtu aliyeko ng’ambo, kama umekasirika au unalia. Alisikia Bakr akivuta pumzi, kama anayetaka kusema. Kisha akasikia makubadhi yakiburutwa na kuvaliwa, moja, la pili, na hatua zikishuka dakani kuelekea njiani, bila amina.