Barua Pepe Iliyokataa Kutoka

Apolinaria, mwalimu mstaafu wa Isevya, alitaka kumtumia binti yake majibu ya hospitali kwa barua pepe iliyofungwa kwa siri, aifungue yeye peke yake. Kila akibonyeza "tuma", kompyuta ilimjibu kwamba imeshindikana.

Akaipigia simu kampuni ya mtandao.

"Shikamoo mama," kijana wa huko alisema. "Ondoa tu huo ulinzi, itaenda."

"Marahaba. Niuondoe ili asome nani?" Akakata simu.

Mumewe, Sylvester, akacheka. "Mama Katarina, nani atahangaika na ugonjwa wako?"

"Umesahau kijiji cha ujamaa kule Choma? Katibu aliifungua barua niliyomwandikia mama, akaisoma mkutanoni. Kijiji kizima kikajua mimba yangu imeharibika, wewe ukiwa bado safarini!"

Sylvester akavuta kiti, wakaanza kukagua mipangilio pamoja. Anwani ilikuwa sahihi, nywila pia. Walipofungua programu ya kuzuia virusi, wakakuta imewekwa kupekua kila barua inayotoka. Hii iliyofungwa ilishindwa kuisoma, basi ikawa inaizuia.

"Kumbe mpekuzi tunaye humu ndani, tena tunamlipa!" Apolinaria alifoka.

Akauzima upekuzi huo, akabonyeza tena. Barua ikaenda.

Hasira haikumwisha. Akampigia tena yule kijana.

"Imeenda na ulinzi wake, mwanangu. Usimwambie tena mtu avue nguo ndipo apite mlangoni."