Shati la Kaka Mkubwa

Tingatinga nilimshinda mwenyewe, bila msaada wa mtu. Waulizeni wateja wa mama; hadithi hii wameisikia mpaka wanajua navuta pumzi wapi.

Nilikuwa darasa la nne, mwembamba kama sindano ya mama, ambaye ni fundi cherehani. Tingatinga alikuwa la sita, na kila siku baada ya masomo alinitupia mkoba wake. "Beba, Kijiti." Nikabeba. Nyumbani watoto tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu wa darasa la saba, na dada silaha yake ni ulimi. Basi nikajitungia Kaka Mkubwa.

Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kikohozi kizito. Jioni, mama akipiga pasi, nilipanda kigoda nikampima hewani: bega inchi ishirini na mbili, kifua hamsini na mbili. Nikaandika kwenye daftari la vipimo, maana kwetu asiyekuwa daftarini si mtu. Kosa langu ni mwandiko mzuri.

Mama akakata. Akashona. Akatundika. Wiki mbili nzima shati likaning'inia, wateja wakiuliza kama ni shati au hema.

"Mwenyewe atakuja," mama akasema. "Mwili huo haupotei njiani."

Aliyekuja ni Tingatinga, suruali yake itiwe kiraka. Akalitazama shati.

"La nani hili?"

"La kaka yangu."

Akacheka, ila nusu. "Kesho aje basi. Asipokuja, utabeba mkoba wangu mpaka uote mvi."

Kesho yake mkoba ulitua miguuni pangu, kando ya ukuta wa shule. Wenzetu wakatuzunguka.

"Yuko wapi huyo kaka?"

Nikaugeukia ukuta, nikanong'ona, "Kaka, kama upo, kohoa."

Upande wa pili mtu akakohoa. Kikohozi cha kifua cha inchi hamsini na mbili.

Tingatinga akaukodolea macho ukuta. Mimi sikuwa na haja ya kuangalia tena.

"Sibebi," nikasema. "Leo sibebi, kesho sibebi, na mtondo usijisumbue kuja."

Sauti ilitoka nzima, nikajishangaa. Tingatinga akainama, akaokota mkoba wake mwenyewe, na mtu mmoja akacheka, na safari hii hakuchekwa Kijiti. Tangu siku hiyo, kaka akohoe asikohoe, sikubeba tena. Mama alichoka kumngoja mteja wake. Shati akalikata, akanitolea mawili.

Nikisimulia, kikohozi huwa nakiruka. Kinaharibu mshono.

Juzi nilikuwa nampa mteja mpya hadithi yote, huku nikiipiga pasi suruali yake. "Nikamwambia uso kwa uso," nikasema, "peke yangu kabisa!"

Dada, ambaye siku hizi ndiye anayekalia cherehani ya mama, alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa mojamoja, akazichomeka kwenye kimto cha pini. Akageuzia uso ukutani.

Akakohoa.

Kilekile. Kizito, cha inchi hamsini na mbili.

"Malizia basi, mdogo wangu," akasema. "Mteja anakusubiri."

Mteja alimtazama dada, akanitazama mimi. Chini ya pasi, suruali yake ilianza kutoa moshi.