Jina Lililoombwa Usingizini

Saa nane ya mchana mji wa Awendo husinzia macho wazi. Harufu ya sukari inayochemka kiwandani huingia madirishani, tamu mpaka inachosha, na vumbi la matrela ya miwa hubaki juu ya barabara bila haraka ya kushuka. Saa hiyo ndipo Sheila wa gredi ya nne alipokuwa akiondoka. Kichwa juu ya dawati, mkono chini ya shavu, kwisha habari yake. Hakukoroma wala kumsumbua mtu. Alitabasamu tu, na tabasamu hilo lilimkera mwalimu wa hisabati kuliko usingizi wenyewe.

"Mpelekeni kwa Mwalimu Robi," akasema. Shuleni pale, jambo lililomshinda kila mtu lilipelekwa kwa Mwalimu Robi.

Robi alikuwa mwalimu wa ushauri nasaha, Mkuria wa Isebania, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusamehe. Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya majembe, na kifaa chake cha kazi kilikuwa ndoo ya udongo wa mfinyanzi. Aliamini kwamba mikono ya mtoto husema kabla ya mdomo, na hakuwa na subira hata chembe na watu wazima wanaowahoji watoto kama polisi.

Alianza kwa kumwita mama. Mourine, muuza nyanya sokoni, alikuja na mtoto wake mchanga, Elvis, mgongoni, akafunga mlango yeye mwenyewe.

"Mwalimu, wacha nikuambie. Baba Sheila alikufa."

Obare, mumewe, alikuwa dereva wa trela. Ajali ilimuua wakati Mourine alikuwa mjamzito. Walimzika nyumbani, Homa Bay, Sheila akiwa ameachwa kwa jirani, na mtoto akaambiwa baba amepata kazi Tanzania, atarudi. Siku zikaenda, mdogo wake akazaliwa, uwongo ukaota mizizi.

"Tafadhali usimwambie. Atavunjika."

"Nani atavunjika, Mama Sheila? Yeye ama wewe?"

Mourine akainamisha kichwa. Robi akajuta papo hapo. Ulimi wake huo! Akaahidi kwamba hatasema. Neno lile lilikuwa la mama kulitamka, si la mwalimu. Lakini aliogopa. Kila siku Sheila alizidi kuhamia huko alikokwenda akilala, na Robi hakujua angemrudisha vipi.

Kesho yake akampa Sheila udongo amfinyangie watu wa nyumbani. Mtoto akafinyanga bila kusema, taratibu, kana kwamba bado hajaamka. Akamfinyanga mama, akajifinyanga yeye, akamfinyanga na mdogo wake. Robi akamngoja baba. Hakutokea.

"Huyu mdogo ni nani?"

"Obare."

"Si anaitwa Elvis?"

"Elvis ni ya kanisa." Sheila alikipapasa kichwa cha udongo. "Baba ndiye anataka. Nikilala anakuja, anasimama kwa miwa, ananiuliza, 'Mmeniita?' Namwambia angoje, mama hajui bado."

Robi alihisi baridi katika joto lile. Huku, kwa Wajaluo na kwa Wakuria pia, nani asiyejua? Aliye hai haji ndotoni kuomba jina. Ni marehemu anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake, na mtoto hulia mpaka apewe jina hilo. Kumbe Sheila hakuwa akimngoja baba arudi. Alikwisha kujua, na alikuwa amelibeba peke yake.

Lakini Robi alikuwa ameahidi kutosema. Akamwita Mourine tena, akawaketisha wote mkekani, akawapa udongo. Kisha akanyamaza, na kwake hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Elvis akaanza kulia. Mourine akampa titi, akalikataa. Akambembeleza, akamgeuza begani, wapi. Sheila, mikono imejaa matope, akamwinamia kama alivyozoea.

"Obare. Obare, nyamaza."

Mtoto akanyamaza kimya. Sheila akashtuka, akajiziba mdomo kwa kiganja chenye matope.

"Umemwita nani?" Sauti ya Mourine ilikuwa ndogo sana. "Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe. Kwa ndoto."

"Na hukuniambia, nyathina? Mwanangu?"

"Ulisema atarudi. Nikaona ukijua kwamba najua, utalia."

Mourine akalia kweli, kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya mazishi. Sheila akamshika goti. Robi alitazama dirishani, machozi yakimtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Baba yako alikufa, Sheila," Mourine akasema mwishowe. "Tulimzika nyumbani. Nitakupeleka uone mahali amelala."

"Ndiyo, mama."

Nje trela likapita, likatetemesha kuta. Sheila akangoja limalize kupita, akauliza:

"Na akija tena akiniuliza?"

Mourine akamwinua mtoto, akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Obare," akamwita, na mtoto akamkodolea macho. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwambie nimemwita. Na akitaka kitu kingine, asikusumbue wewe. Aje aniulize mimi."

Sheila akafikiri kidogo. "Sawa," akasema, akaenda kunawa mikono.